Siku Tulipomstaafisha Mzee wa Darasa la Pili

Nyie mliobaki kwenye kile chumba cha mwisho wa korido, chenye feni inayozunguka pale inapojisikia, mmeniomba niandike "uzoefu" wangu. Mie uzoefu sijui unaandikwaje. Najua kusimulia tu, na kwa kuwa nimestaafu na mume wangu ameshachoka kunisikiliza, nitawasimulia nyie. Habari za vyeo na barua za kupandishwa daraja naziacha, maana hata wakati ule hazikunifurahisha kama chai ya saa nne.

Kazi yetu mnaijua, lakini huenda hii ikasomwa na mtu asiyeijua, kwa hiyo niseme. Mtoto analetwa kliniki. Shuleni hasomi, au hasemi, au anapiga wenzake, au ameshakuwa mkubwa na bado anakojoa kitandani. Kabla hajaanza tiba ya mazungumzo, lazima mtu akae naye, acheze naye, amtazame, aongee na wazazi na walimu, halafu aseme tatizo ni hili wala si lile. Mtu huyo nilikuwa mie. Mitaa ya Temeke waliniitaga mama wa kupima akili, na kuna dada mmoja aliwahi kuniletea mume wake.

Siku ya kwanza nilifika na cheti kipya na sketi mpya, vyote vikinibana. Nikakabidhiwa sanduku la vipimo lililotoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na vibao vya mbao vya rangi, saa ya kupimia muda, kitabu cha mwongozo, na kadi za picha zilizochorwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kufika hata Pugu. Kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye koleo anazoa kitu cheupe mbele ya nyumba. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa Tandale, mama yake anauza mchele sokoni. Nikamuuliza anaona nini. Akaitazama kwa makini, akasema, "Gunia la unga limepasuka. Huyu kuli leo hana kazi."

Nikampa kadi nyingine, meza yenye miguu mitatu. "Nini kinakosekana hapa?"

"Tofali," akajibu bila kufikiri.

Mwongozo ulisema jibu ni mguu, basi nikaandika sifuri. Nyuma yangu alikuwa amekaa Bi. Zuhura, mkuu wangu wa kazi, akinywa kahawa. Akainama akaona nilichoandika.

"Kwenu meza ikivunjika mguu mnafanyaje?"

"Tunaweka tofali."

"Basi na wewe jiandikie sifuri, mfanane."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Bi. Zuhura alizaliwa Kinondoni. Mababu zake walitoka Arabuni wakafungua duka la vitambaa, na ukoo mzima ukabaki nyuma ya kaunta isipokuwa yeye, aliyekimbilia uuguzi wa magonjwa ya akili kwa sababu, alisema, alishazoea wateja wagumu. Alinukia udi hata siku ambazo Msimbazi umefurika na sisi wengine tunanuka matope. Aliniita Mpare, si kwa jina langu, na kila nilipobishana naye alinikumbusha kwamba watu wa kwetu tunaweza kupelekana mahakamani kwa ajili ya kuku, kwa hiyo nisije nikakata rufaa kwa ajili ya tofali.

Alikuwa na kipimo chake kisichokuwemo kwenye sanduku. Kabla mtoto hajakalishwa mezani, alitoka naye kwenda duka la Mangi lililokuwa ng'ambo ya barabara, akamwambia achague kitu kimoja. Basi. Huko aliona kila kitu. Anaamkia watu au anajificha nyuma ya baibui? Anasubiri zamu? Anachagua mwenyewe au anakuuliza umchagulie? Akijibiwa vibaya anafanya nini? Nilipoanza niliona ni uvivu wa kufanya kazi. Baada ya miezi kadhaa nikawa naenda na watoto mwenyewe, na Mangi akawa ananiuliza, "Huyu naye vipi, Madam, amefaulu?"

Wazazi ndio waliotuchosha. Wengi walimwambia mtoto njiani kwamba anakwenda kwa daktari na asipotulia atachomwa sindano, kwa hiyo saa nzima ya kwanza mtoto anatazama mikono yangu tu, anatafuta sindano ilipo. Kuna baba mmoja wa Mikocheni aliyetaka nimwandikie kwamba mwanawe ana akili kupita kiasi. Aliomba kukaa ndani, nyuma kabisa, hatasema neno. Kweli hakusema. Alikohoa. Mtoto akigusa picha sahihi, baba anakohoa, na mtoto anaiteua. Nikatoka nikamletea baba glasi ya maji na kumwomba akainywee nje kwenye hewa safi. Kikohozi kikapona, na mtoto akaanza kukosea kama watoto wa wenzake.

Sasa niwaambie habari ya Mkumbo. Jina si lake, nimembadilishia. Wakati huo Bi. Zuhura alikuwa ameshastaafu, nami nimebaki peke yangu na lile sanduku.

Aliletwa na mama yake pamoja na mwalimu mkuu wa shule yake, jambo ambalo si la kawaida, maana walimu wakuu huandika barua tu. Huyu alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye uso wa mtu aliyekosa usingizi. Mtoto tukamwacha kwanza kwenye benchi la nje.

"Madam," alisema, "nimefundisha watoto wa kila aina. Huyu ananiitikia marahaba."

"Nani?"

"Huyu hapo nje. Wa darasa la pili. Haamkii mtu. Anaamkiwa. Wenzake walianza kwa utani, sasa wanamwamkia kweli, na yeye anaitikia na kuwauliza habari za nyumbani." Akashusha sauti. "Juzi asubuhi, kwa uchovu tu, na mie nikamwamkia."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nipunguze kazi."

Sikucheka. Nilitazama dirishani mpaka nikaweza kurudisha uso. Mwalimu akaendelea. Mtoto hasimami mwalimu akiingia. Zamu ya kufagia ikifika hafagii, anasimama na mikono nyuma anawaonyesha wenzake, pale bado, na pale, na ajabu ni kwamba wanafagia. Mapumziko hachezi, anakwenda kukaa na mlinzi getini wanazungumzia mvua. Mwalimu wa darasa alipomwita mbele achapwe, alimwambia, "Mwanangu, hebu kaa kwanza tuyazungumze," na mwalimu akapoteza nguvu za mkono. Ila hasomi. Haandiki hata jina. Daftari jeupe kabisa. Walimu wawili walikuwa wameomba wabadilishiwe darasa.

"Mie simchukii," alisema mwalimu mkuu. "Lakini muhula ukiisha bila wewe kunieleza ana nini na tufanye nini, namhamishia kwenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kwenye shule ile ya kule. Sina jinsi."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, anatazama sakafu. Hapo ndipo alipoinua uso. "Madam, akipelekwa kule hatatoka. Mwanangu si mjinga. Naomba umpime vizuri." Akaanza kulia bila sauti, huku akijifuta kwa ncha ya khanga.

Kwa hiyo mjue hilo lilikuwa begani mwangu. Nikikosea, mtoto mwenye akili zake anakwenda kukaa mahali pasipo pake miaka yote ya shule.

Nikamwita. Aliingia taratibu, shati limechomekewa, mikono nyuma. Akatazama kuta, akatazama dari. "Hapa pazuri," alisema. "Feni tu ndiyo mbovu." Halafu akanionyesha kiti changu mwenyewe. "Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Nataka mjue kwamba nilikaa.

Baadaye nikampeleka kwa Mangi. Kulikuwa na foleni, vijana wa bodaboda wamejaa pale kaunta. Mkumbo akainua mkono kidogo, akasema, "Samahanini, vijana," na wale majitu wakapisha. Mangi akamwamkia, sijui kwa utani au ndiyo mambo yale yale ya mwalimu mkuu. Nikamwambia mtoto achague kitu kimoja. Watoto wote, wa Kigamboni, wa Tandale, wa popote, huchagua barafu au ubuyu. Huyu alichagua tangawizi kavu. "Kifua," alinieleza. Lakini macho yalikuwa kwenye ndoo ya barafu za ukwaju, na yalibaki hapo mpaka tulipotoka. Moyoni nikajiambia, kumbe ndani humo kuna mtu.

Mezani nikamwekea vibao vya rangi na mchoro wa kuiga. Akakunja mikono. "Wewe panga, mie nitakuonyesha." Na akaonyesha. "Chekundu hapo. Hapana, kigeuze. Sasa cha pembeni." Alinielekeza mpaka mchoro ukakamilika, haraka kuliko ningepanga mwenyewe, na mwongozo haukuwa na mahali pa kuandika mtoto anayefaulu kwa kutumia mikono ya mpimaji. Nikamwambia vidole vyangu vimekufa ganzi, kama anaweza kunisaidia. Akanionea huruma. "Pole sana. Uzee huo." Akapanga mwenyewe, michoro yote, hata ile inayowatoa jasho watoto wakubwa.

Basi akili ilikuwepo, tena ya kutosha. Kusoma ndiko kulikokuwa hakuna kabisa, hata herufi za mwanzo. Nikamrudisha nje na kumwita mama yake peke yake.

"Nyumbani nani humwambia akae asome?"

"Hakuna, Madam. Bibi yake anasema anapumzika."

"Nani humwambia akaoge?"

"Huwa namwomba."

"Ukimwita, unamwitaje?"

Akageuza uso kando, akafunika mdomo kwa khanga. Hapo nikaelewa nusu ya habari, maana hata kwetu Upareni jina la baba mkwe halikai mdomoni mwa mkwe. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake mzaa baba. Yule mzee alifariki, na watu wakiwa bado wamekaa msibani, uchungu ukamshika huyu mama, akajifungua mtoto wa kiume wakati mikeka ya waombolezaji iko uani. Mama mkwe, mjane wa wiki hiyo hiyo, akampokea mtoto, akamtazama masikio, akasema, "Amerudi." Kuanzia siku hiyo yule mtoto ni Mzee. Mama hamwiti jina na hamgombezi, kwa sababu baba mkwe hagombezwi. Majirani wa Tandika wanamwita yeye Mama Mzee.

"Na baba yake je?"

"Anaendesha malori ya Tunduma. Akirudi anamwita Baba. Anamuomba ushauri."

"Naye anamshauri?"

"Anamwambia asiendeshe akiwa na usingizi."

Ushauri mzuri, lazima niseme. Lakini bado nilikuwa na swali. Watoto wanaorithi majina ya babu zao wako kila mahali. Kwetu nao waliitwa Baba na Babu mpaka siku walipoanza kutumwa maji na kuchunga mbuzi, hapo heshima ikaisha yenyewe na mama akatafuta jina la utani la kuwagombezea. Huyu alikuwa na miaka saba na heshima inazidi kupanda. Kitu fulani kilikuwa kinaishikilia, na mie sikukijua. Nikaomba niende nyumbani kwao.

Nilikwenda alasiri, kabla mtoto hajatoka shule. Bibi alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kichwani, sauti ya mtu wa Singida ambaye Dar es Salaam bado hajaikubali. Akanikaribisha vizuri. Sebuleni palikuwa na makochi ya kawaida na kiti kimoja kikubwa cha mbao chenye mto. Nikataka kukikalia, mama mtu akanishika mkono.

Mkumbo alipoingia, mama akapokea begi na kumvua viatu. Akaenda kwenye kile kiti, akapanda, miguu ikabaki inaning'inia hewani. Bibi akamtazama kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Uso wote uliwaka.

"Umeshindaje, mume wangu?"

"Salama tu," akasema Mkumbo akisafisha koo. "Watoto ndio wanasumbua."

Sasa bibi kumwita mjukuu mume wangu ni utani wetu sote, nani hajaitwa hivyo. Ila utani una kicheko ndani yake. Hapa hakuna aliyecheka. Chakula kikaja, akatengewa wa kwanza, mnofu mkubwa kuliko wote, akala nusu akaniambia hali ya hewa ya mwaka huu haieleweki.

Nje, nyuma ya ukuta, watoto wa jirani walikuwa wanacheza kombolela. Mmoja anahesabu amefumba macho, wengine wanajificha, kelele mtindo mmoja. Nilipomaliza kula nikamwomba Mkumbo anionyeshe uani. Tukakaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, karibu na pipa la maji.

"Ungeambiwa uchague kitu kimoja cha kufanya leo," nikamuuliza, "chochote kile, ungefanya nini?"

Akatazama dirisha la sebuleni. Akasafisha koo. Halafu ile sauti ya kizee ikamtoka yote, ikabaki sauti ya mtoto, tena ndogo. "Ningejificha."

"Kwani hujawahi kujificha?"

"Niliwahi. Hapa nyuma ya pipa. Bibi akanitafuta akanikosa, akalia sana, akaanguka chini. Alidhani nimekufa tena."

Alisema hivyo hivyo, tena.

"Akaniambia nikiondoka mara ya pili na yeye atakufa. Kwa hiyo nakaa. Hata shuleni nakaa getini na mlinzi, isije ikapita bodaboda ya kuniita."

Moyo uliniuma, nawaambia ukweli. Nimesikia mengi kwenye kile chumba, lakini pale juu ya ndoo nilitaka kumkumbatia mtoto wa watu na sikujua nitaanzia wapi, maana hakuwa amezoea kukumbatiwa, alizoea kupewa heshima. Mtoto huyu hakuwa na ulemavu wa akili. Hakuwa hata na jeuri. Alikuwa kazini. Alikuwa na zamu ya asubuhi mpaka jioni ya kumzuia bibi yake asife, bila likizo, na angepata wapi muda wa kujifunza herufi?

Kesho yake nikaenda Kinondoni kwa Bi. Zuhura. Nilimkuta barazani anachambua mchele, amezeeka lakini udi ni ule ule. Nikamsimulia yote. Alicheka sana nilipofika kwa mwalimu mkuu, mpaka akaweka ungo chini. Nilipotaja pipa la maji akaacha kucheka.

"Hicho kitambaa cheusi anavaa mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Miaka saba. Matanga yalianuliwa, Mpare?"

Sikujua. Sikuuliza. Bi. Zuhura akanitazama kwa lile jicho lake la zamani, la siku ya tofali.

"Siku ya kuanua matanga ndugu wanakuja, wanapika, wanakula, mjane anavuliwa nguo za msiba, anaambiwa basi, uishi. Nani alimwambia huyu mama basi? Nenda kamuulize. Na lile sanduku lako liache ofisini."

Nilirudi Tandika bila sanduku. Bibi akanisikiliza swali langu, akashangaa kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Matanga ya nani, mwanangu? Ungeanua matanga ya mtu aliyerudi?"

Kwenye kazi yetu kuna wakati wa kuuliza na wakati wa kusema, na mie niliamua kusema. Nikamweleza alichoniambia mjukuu wake uani. Kwamba anatamani kujificha na wenzake na hathubutu. Kwamba shuleni, akiwa amekaa na mlinzi getini, anaangalia barabara isije ikapita bodaboda ya kumwita, bibi amezidiwa. Kwamba ndiyo maana daftari ni jeupe.

"Anaogopa nitakufa?" akauliza bibi.

"Anaogopa ukilia."

Bibi akainamisha kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu, nami nikadhani nimemuumiza nikaanza kutafuta maneno. Kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko. Akacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, akijipiga paja.

"Marehemu!" akasema. "Marehemu aogope mie kulia? Mie nikilia alikuwa anachukua fimbo yake anakwenda kilabuni mpaka ninyamaze. Nimelia miaka arobaini na yule mwanamume hakuwahi hata kuniuliza nalilia nini."

Mama Mzee, aliyekuwa mlangoni, akaziba mdomo. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumsema marehemu hivyo ndani ya nyumba ile.

"Huyu mtoto ana huruma," akasema bibi, akijifuta. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Tena huruma nyingi. Mungu wangu. Basi si yeye." Akarudia polepole, kama mtu anayesoma neno gumu. "Si yeye. Yeye alikufa." Na hapo ndipo alipolia kilio chenyewe, kile cha mjane, ambacho nadhani alikiahirisha siku ile alipopokea kichanga mikononi. Nilikaa naye mpaka jua likapungua. Mama Mzee alileta chai, tukainywa, akalia tena, tukanywa nyingine.

Tathmini yangu niliiandika usiku wa pili yake, na mwalimu mkuu akaisoma mbele yangu mara mbili. Nilisema mtoto ana akili timamu na zaidi, afundishwe kusoma kuanzia herufi, asiamkiwe na mtu yeyote shuleni, walimu wakiwemo. Tiba ya mazungumzo niliipendekeza, ila kwa bibi. Mwalimu mkuu akakubali abaki. Nawaambia hapa hapa kwamba alibaki, na leo anasoma vizuri, ili msikae roho juu. Lakini barua haikumtoa kwenye ile kazi yake. Kilichomtoa ni hiki ninachomalizia nacho.

Walipanga kuanua matanga Jumamosi. Mie nikaita kumstaafisha Mzee, na mama mtu akalipenda neno hilo. Ndugu wakaja kutoka Singida, mchungaji akaomba, baba mtu akaacha lori kwa mwenzake. Ukapikwa wali na nyama nyingi. Bi. Zuhura alikuja na sahani ya halua, akakaa na bibi wakawasengenya marehemu waume zao kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Mwalimu mkuu akaombwa aseme maneno mawili, akasimama akamshukuru Mzee kwa utumishi wake uliotukuka katika darasa la pili, akasema shule imempokea mwanafunzi mpya. Watu walicheka mpaka mchungaji.

Shangazi mmoja akamvua bibi kile kitambaa cheusi, akamfunga kipya cha maua. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Bibi akamwita Mkumbo, akamshusha kutoka kwenye kile kiti, akamsimamisha mbele yake.

"Sikiliza. Mume wangu alikufa. Wewe ni mjukuu wangu. Nenda kacheze."

Mkumbo akatutazama mmoja mmoja, kama anatafuta atakayesema ni utani. Akatoka taratibu, mikono nyuma, akageuka mlangoni, akageuka tena getini. Tukasubiri. Nje wakamwingiza kwenye kombolela, tukasikia mtu anahesabu, kisha majina ya watoto wengine yanaitwa wanapoonekana, lake halimo. Ilipita saa nzima lake halimo. Mie nilikuwa namtazama bibi tu. Alishika khanga yake kwa nguvu, vidole vimekakamaa, lakini hakunyanyuka. Bi. Zuhura akamuongezea nyama.

Hatimaye akatokea. Alikuwa amejificha kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba ya jirani. Shati jeupe la shughuli halikuwa jeupe tena, suruali imechanika gotini, kiatu kimoja hakipo, na usoni ana tabasamu ambalo sijawahi kuliona.

"Mjinga wewe!" Ilikuwa sauti ya mama yake. "Nguo mpya hizo! Kiatu kiko wapi? Hebu njoo hapa haraka kabla sija..."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akamgeukia mama mkwe wake, macho yamemtoka.

Bibi akameza kwanza. "Mbona umeishia njiani?" akasema. "Malizia, mtoto anakusikiliza."

Basi Mama Mzee akamalizia. Miaka saba ilikuwa imejaa kifuani. Alianza na kiatu, akaenda kwenye suruali, akapita kwenye meno yasiyopigwa mswaki, daftari jeupe, maji ya kuoga yaliyopoa kwa kubembelezwa, viatu alivyomvua yeye kila siku kama mtumishi, na kila alipofika mwisho alikumbuka jingine. Mwalimu mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Mkumbo alisimama katikati ya ua, mdomo wazi. Hajawahi kugombezwa maisha yake yote. Midomo ikaanza kutetemeka, kidevu kikakunjamana, na akaangua kilio, kilio kikubwa cha mtoto wa miaka saba, kamasi na kila kitu. Halafu ghafla akajikata katikati, pumzi juu, akageuka kumtafuta bibi yake.

Bibi alikuwa anatafuna nyama.

Akamtazama vizuri kuhakikisha, kisha akaendelea kulia.